Dosie ya avoka: kutoka daftari la karatasi hadi telefone

Ndugu wasikilizaji wa Opala, na ninyi jamaa zetu mliokimbilia Kisangani, wiki hii tuzungumze historia ya kitu ambacho watu wengi hawakipi uzito: dosie ya avoka.

Tuanze na mwezi wa sita mwaka 2000. Kuanzia tarehe 5 hadi 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka mjini. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilisema raia waliouawa walikuwa kati ya 244 na 760. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watu 516. Hapo ndipo tunaona hasara ya kukosa daftari.

Inchi yetu ilikuwa imekwisha kuishitaki Uganda mwaka 1999 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule La Haye. Mwaka 2005 tukashinda. Lakini malipo yalipokatwa, tarehe 9 mwezi wa pili 2022, yalikuwa dola milioni 325, wakati Kongo iliomba zaidi ya miliari 11. Waamuzi walikubali kwamba vita huharibu ushahidi. Hata hivyo waliona fomu nyingi za wahanga hazikuwa na karatasi za kuzithibitisha. Kongo ilisema waliokufa ni 180,000. Wao wakakadiria kati ya 10,000 na 15,000. Kushinda kesi ni jambo moja, kuhesabiwa ni jambo lingine.

Sasa tuende Kivu ya Kusini. Mwaka 2012 vijiji vya Kamananga na Lumenje vilishambuliwa na raia wakauawa. Maavoka na wachunguzi walikwenda huko na programu ya telefone iitwayo eyeWitness to Atrocities, iliyoanzishwa mwaka 2015 kwa msaada wa chama cha kimataifa cha maavoka. Walipiga picha za makaburi ya pamoja na makovu ya walionusurika. Programu hiyo huandika yenyewe saa, tarehe na mahali, kisha huonyesha kama picha imebadilishwa. Haidai mtandao wakati wa kupiga picha. Picha hutumwa baadaye. Mwezi wa tisa 2018, tribinali ya kijeshi kule Bukavu ilizipokea picha hizo, na makamanda wawili wa FDLR wakahukumiwa kifungo cha maisha.

Jirani zetu nao wamebadilika. Nairobi, maavoka hupeleka mashitaka kwa intaneti tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2020. Uganda ilizindua mfumo wake mwaka 2022. Kila dosie ina namba, kila karatasi ina tarehe yake, na avoka anaona siku ya kusikilizwa bila kupanga mstari kwa karani.

Na sisi? Tangu mwezi wa pili 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ulioanzia Lubunga, umeua watu, umechoma nyumba na kuwatawanya wengi wenu. Mtu hufika kwa avoka na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki, nusu zimelowa. Mwingine hana hata moja, zote ziliungua pamoja na nyumba.

Telefone haiwezi kuleta haki peke yake. Umeme ni shida, na telefone ikiibiwa bila neno la siri, majina ya mashahidi yanakuwa hatarini. Lakini avoka hawezi kuingiza katika mashine kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Kwa hiyo, kabla kumbukumbu haijachoka, andikeni: jina la marehemu, siku, kijiji, nani aliona, nyumba ilikuwa na nini. Pigeni picha ya kila karatasi, mumpe avoka au jamaa mnayemwamini nakala. Msitangaze picha hizo kwenye WhatsApp.

Wazee wetu wa Kisangani walingoja zaidi ya miaka ishirini, na wengine walihesabiwa kwa makadirio tu. Sisi bado tunao muda wa kuhesabiwa kwa majina.