Homa Inapofika Ubongoni: Kilifi na Fumbo la Malaria ya Watoto

Kwa vizazi vingi akina mama wa pwani ya Kenya, kuanzia Rabai hadi Malindi, walitofautisha homa na degedege. Homa ilitibiwa nyumbani kwa mwarobaini, na baadaye kwa vidonge vya dukani. Lakini mtoto akikakamaa, macho yakageuka na povu likamtoka, hapo aliitwa mganga, maana hayo hayakuwa tena mambo ya vidonge. Palikuwa na pepo, au ndege aliyepita juu ya paa usiku. Mtafiti Mkenya Halima Mwenesi alipowahoji akina mama wa Kilifi, aliona kuwa wengi hawakuihusisha degedege na malaria hata kidogo. Ni rahisi kuwabeza. Mimi naona walikuwa wameliona vizuri fumbo ambalo madaktari nao walihangaika nalo kwa zaidi ya karne moja: mtoto aliyeamka na homa ya kawaida, jua likizama hamtambui hata mamake.

Wageni hawakuwa na jibu bora. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai mwaka huo huo homa ikamuua mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye alipanda Rabai na mwenzake Rebmann wakafungua kituo chao, na homa ikawafuata huko huko. Ilibidi kungoja hadi 1880 ndipo daktari Mfaransa Alphonse Laveran, akiwa Algeria, alipokiona kimelea ndani ya damu ya mgonjwa, na hadi 1897 ndipo Ronald Ross alipothibitisha nchini India kwamba mbu ana mkono katika jambo hili. Huko Roma, Marchiafava na Bignami walichunguza ubongo wa waliokufa kwa malaria kali. Waliikuta mishipa midogo kabisa ya damu imejaa seli nyekundu zenye vimelea.

Kilichowashangaza wengi ni kwamba kimelea hakitoki nje ya mshipa. Hakiingii katika nyama ya ubongo kama wanavyoingia bakteria wa homa ya uti wa mgongo kwenye utando unaoufunika. Kimelea kinabaki ndani ya damu, na bado mtu anazimia. Vipi basi ubongo uzimike kwa adui asiyevuka mlango?

Swali hilo ndilo lililopata makao Kilifi mwaka 1989. Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoanzishwa 1979, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome kufungua kituo cha utafiti ndani ya uwanja wa hospitali ya wilaya. Kevin Marsh na Bob Snow walikuwa miongoni mwa waanzilishi, na Norbert Peshu akakiongoza upande wa KEMRI. Naona uamuzi wa kuweka maabara hatua chache tu kutoka wodi ya watoto ulikuwa na uzito kuliko mashine yoyote iliyonunuliwa baadaye. Damu ya mtoto ilifika kwenye hadubini ingali moto, na daktari aliyeichunguza ndiye aliyerudi usiku kumwangalia mtoto huyo.

Mwaka 1995 kundi hilo lilichapisha matokeo ya watoto 1,844 waliolazwa Kilifi kwa malaria. Katika kila watoto 100, watatu hadi wanne walifariki, na asilimia 84 ya vifo hivyo vilitokea ndani ya saa 24 za kwanza. Dalili mbili zilitabiri hatari kuliko nyingine: kupoteza fahamu na kupumua kwa shida. Muuguzi wa zahanati isiyo na maabara aliweza kuzitambua kwa macho yake tu. Wakati huo huo daktari Charles Newton alikuwa akipima msukumo wa maji ya uti wa mgongo kwa watoto waliozimia, na akaukuta uko juu kupita kiasi. Ubongo ulikuwa ukibanwa ndani ya fuvu.

Sababu iliyoonekana wazi ilikuwa mchochota, yaani uvimbe na joto vinavyotokea kinga ya mwili inapopigana. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kugundua kuwa watoto wenye malaria kali wana kiwango kikubwa cha TNF, kemikali ambayo seli za kinga huitoa kuitana vitani. Basi ikasemwa: tuzime moto huo, mtoto atapona. Sehemu hii ya historia inanigusa kuliko nyingine zote, kwa sababu kila tiba iliyobuniwa kwa hoja hiyo nzuri ilishindwa.

Thailand, mwaka 1982, deksamethasoni, dawa yenye nguvu ya kutuliza uvimbe, haikumwokoa mgonjwa bali ilirefusha muda wake wa kuzimia. Gambia, mwaka 1996, kingamwili za kuzuia TNF hazikupunguza vifo, na watoto waliopewa walibaki na ulemavu wa neva mara nyingi zaidi. Kilifi ikaja na hoja nyingine. Degedege humchosha mtoto na huumiza ubongo wake, hivyo tuzuie degedege mapema. Jane Crawley na wenzake waliwachukua watoto 340 wenye malaria ya ubongo. Nusu wakadungwa sindano moja ya fenobabitali, nusu wakapewa sindano isiyo na dawa. Dawa ilifanya kazi iliyotumwa, degedege ikapungua. Lakini kati ya waliopewa dawa walifariki 30, na kwa wenzao 14. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliopata pia dozi kadhaa za diazepamu, kwani walisahau kupumua. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2000, na yamewaokoa watoto wengi ambao wangedungwa sindano hiyo kwa nia njema kabisa katika wodi za Afrika nzima.

Mwaka 2011 Kathryn Maitland, naye wa Kilifi, alitoa matokeo ya utafiti wa FEAST uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofika wakiwa mahututi kwa homa, wengi wao wakiwa na malaria. Kuwamiminia maji ya dripu kwa haraka, jambo lililofundishwa vyuoni kama amri, kuliongeza vifo: zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 kwa wasiomiminiwa.

Maabara nayo haikulala. Mwaka 1998 Peter Bull na wenzake wa Kilifi walionyesha kwamba mtoto huugua kutokana na kimelea chenye sura ambayo damu ya mtoto huyo haikuwa na kingamwili dhidi yake. Kila kimelea huvalisha seli kiliyomo protini kinayoibadilisha badilisha, na protini hiyo huishikiza seli kwenye ukuta wa mshipa kama chaza mwambani. Mwaka 2013 watafiti walitambua kuwa aina hatari zaidi hushika mahali panapoitwa EPCR. Kwa kawaida hapo ndipo mwili hutuliza mchochota na kuzuia damu isigande. Kimelea kikipashika, ukuta wa mshipa huachwa bila mtulizaji, damu huganda, maji huvuja, ubongo huvimba. Picha za MRI zilizopigwa Blantyre, Malawi, zilizochapishwa 2015, zilifunga hoja: kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya.

Na pwani yenyewe ilikuwa na kinga yake. Baadhi ya watu wa Kilifi wana aina ya damu iitwayo Dantu, iliyo adimu sana kwingineko duniani. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake walionyesha jinsi inavyofanya kazi: ngozi ya seli nyekundu hukazika, na kimelea kikigonga hakipenyi.

Kwa hiyo kilichowaokoa watoto hakikuwa dawa ya kutuliza ubongo. Ni kukizuia kimelea kisiufikie. Majaribio ya vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Kilifi yalipunguza vifo vya watoto kwa asilimia 33, matokeo yaliyochapishwa 1996. Sindano ya atesuneti, iliyojaribiwa kwa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika na kutangazwa 2010, ilipunguza vifo kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Chanjo ya RTS,S, iliyojaribiwa Kilifi na Korogwe, Tanzania, miaka mingi kabla, ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021.

Wanaobaki ni wale waliopona nusu. Wataalamu wa Kilifi walilazimika kuunda vipimo vyao wenyewe, kwa vitu ambavyo mtoto wa Ganze au Chonyi anavifahamu, maana vya Ulaya vilimpima kwa vitu asivyowahi kuviona. Kipimo cha ukuaji kilichotengenezwa na Amina Abubakar na wenzake kwa watoto wa miezi 6 hadi 35 kina jina la Kilifi hadi leo. Vipimo vya aina hii viliwasaidia watafiti kuona kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne waliozimia kwa malaria hubaki na kasoro: ya lugha, ya kumbukumbu, ya mwendo. Wengine hupata kifafa miaka baadaye, na familia haikumbuki tena ile homa.

Dawa ya kifafa inayopatikana kwa bei nafuu katika zahanati zetu ni fenobabitali, ile ile. Kwa mtu mwenye kifafa anayeimeza kila siku inafaa na ni salama vya kutosha. Hata hivyo utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta kuwa zaidi ya asilimia 60 ya wenye kifafa cha mitukutiko Kilifi hawakuwa na dawa hiyo, wala nyingine yoyote, ya kutosha katika damu yao. Umbali wa kituo ulichangia, na gharama, na imani kuwa haya ni mambo ya mganga. Kaunti za pwani zina haki ya kujivunia maabara yao. Ziziandikie pia zahanati zao fungu la vidonge hivyo katika bajeti, mwaka hadi mwaka.