Kumtakasa Mungu Wakati wa Hofu

Katika sura ya 8 ya kitabu cha Isaya, nabii anawakataza watu wa Yuda kubeba hofu iliyowaingia wenzao, kisha anawapa kazi nyingine badala yake: wamtakase Mungu. Kitenzi hicho, kutakasa, ndicho walichokitumia wafasiri wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, na wengi wakikifikia husita. Mungu ana uchafu gani hata binadamu amtakase? Na kutakasa kunahusiana vipi na hofu ya vita? Maswali hayo yanastahili jibu, kwa sababu yanagusa kiini cha istilahi ya utakatifu. Ninavyoona, utakatifu wakati wa hofu ni tegemeo lisilochanganywa na kitu kingine, na mzizi wa kutakata unaibeba maana hiyo vizuri kuliko maneno mengine yanayopendekezwa.

Kutakata ni kuwa safi, lakini si usafi wa kufuliwa tu. Tunasema anga limetakata pale lisipokuwa na hata wingu moja, ingawa hakuna aliyelipangusa. Kutoka hapo tumepata kutakasa, utakaso na utakatifu. Neno la Kiebrania lililo nyuma yake, qadosh, wataalamu wengi hulifafanua kwa maana ya kutengwa, yaani kuwa kando na vitu vya kila siku. Ndiyo maana wapo wanaoona kwamba Kiswahili kilikosea njia tangu mwanzo, na kwamba neno lifaalo lingekuwa kutengwa, au wakfu. Kutengwa hakufai. Katika makanisa yetu mtu aliyetengwa ni yule aliyezuiwa meza ya Bwana kwa kosa lake, na mitaani ni yule ambaye jamaa zake wamemsusa. Neno linaeleza mtu ametolewa wapi, halisemi amepewa nani. Wakfu lina nguvu zaidi, maana shamba la wakfu haliuzwi wala halirithiwi, na hilo Isaya angelikubali. Lakini wakfu ni hali ya mali iliyotolewa na mwenyewe. Mungu hawezi kuwekwa wakfu na mtu yeyote.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba kutukuza kungetosha. Hata katika Sala ya Bwana, ambapo Kigiriki kina kitenzi cha utakatifu, Biblia hiyohiyo ya Muungano inaomba jina la Mungu litukuzwe. Kwa nini basi tusitukuze kila mahali? Kwa sababu kutukuza ni kuinua, na mtu anaweza kuinua wawili kwa mpigo: akamtukuza Mungu asubuhi na mfalme jioni, wala kitenzi kisimlaumu. Kutakasa hakuruhusu hivyo, kwa kuwa kilichotakata ni kile ambacho hakikuchanganyika. Na kuhusu uchafu wa Mungu, sarufi yenyewe inajibu. Kiswahili kinavyo vitenzi vya aina hii ambavyo havibadilishi kitu, bali vinatamka hali yake na kudai kitendewe hivyo. Mwanachuoni akihalalisha chakula fulani, hagusi hata sufuria. Waislamu wa lugha hii wamelitumia neno hivyo kwa muda mrefu bila wasiwasi. Wanaposema Mwenyezi Mungu ametakasika, hakuna anayefikiria maji; wanamaanisha kwamba hana upungufu wala mshirika. Dhana ya ikhlasi, iliyoipa jina sura ya 112 ya Qurani, iko karibu sana na hapo: katika Kiarabu mzizi wake ni wa kitu halisi, kisicho na mchanganyiko. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipoitoa tafsiri yake mwaka 1969 aliiita Qurani Takatifu, na jina likapokelewa.

Sasa turudi kwa Isaya, tuone mchanganyiko huo ukitokea. Yapata mwaka 735 KK, Resini mfalme wa Shamu na Peka mfalme wa Israeli waliungana dhidi ya Yerusalemu ili wamng'oe Ahazi mfalme wa Yuda wamweke mtu wao. Isaya alimkuta Ahazi mwisho wa mfereji wa birika la juu, kwenye njia ya uwanja wa dobi, huenda akikagua maji kabla mji haujazingirwa. Akamwambia kwamba asipoamini hatathibitika. Katika Kiebrania vitenzi hivyo viwili vina mzizi mmoja, na mzizi huo, kwa upande wa Kiarabu, ndio uliotupatia amini, imani, amana na amani. Ahazi hakuamini. Alichukua fedha na dhahabu ya hekalu, akaipeleka kwa Tiglath-Pileseri wa Ashuru aje amwokoe. Kisha, alipokwenda Dameski kumlaki huyo mwokozi wake, akaona madhabahu ya huko, akamtumia kuhani Uria mfano wake, na ile ya shaba ikasogezwa kando, upande wa kaskazini. Likafuata birika kubwa lililoitwa bahari, ambamo makuhani walinawa kabla ya huduma: akalishusha kutoka migongoni mwa ng'ombe wa shaba waliolibeba, akaliweka juu ya sakafu ya mawe. Sadaka hazikukoma siku hizo. Ibada iliendelea kila asubuhi na jioni, ila juu ya madhabahu iliyoletwa na hofu.

Atakayesema kwamba mpango wa Ahazi ulifaulu ana ushahidi. Dameski ilianguka mwaka 732 KK na Resini akauawa. Lakini Ashuru haikurudi nyumbani. Mwaka 701 KK, wakati wa Hezekia mwana wa Ahazi, Senakeribu wa Ashuru aliteka miji ya Yuda, na Hezekia akabandua dhahabu ya milango ya hekalu kumlipa. Mjumbe wa Ashuru alikuja kusimama kwenye mfereji uleule, njia ileile ya uwanja wa dobi, akiuliza Yerusalemu inategemea nini. Wala haifuati kwamba kumtegemea Mungu ni kukunja mikono. Isaya hakumkemea Ahazi kwa kukagua maji, kama vile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inavyomtaka mtu amfunge ngamia kwanza ndipo atawakali. Kukagua mfereji ni kutumia njia. Kumwita Ashuru mwokozi ni kumpa nafasi ya Mungu. Mhubiri anayeueleza utakatifu kwa orodha ya madoa peke yake hataiona tofauti hiyo, maana Ahazi hakuchafua mikono yake mahali popote kwenye njia ile.

Waraka wa kwanza wa Petro ulilichukua agizo la Isaya na kuwapelekea waumini wa Asia Ndogo waliokuwa wakisemwa vibaya na majirani zao. Wafasiri wa 1952 wakabaki na kitenzi kilekile: wamtakase Kristo mioyoni. Katika pumzi hiyohiyo wanatakiwa wawe tayari kumjibu kila anayewauliza habari za tumaini lao, na jibu hilo walitoe kwa upole.