Mbuzi kwenye Gunia: Umeme wa Maryland tangu 1999

Sisi wakazi wa Beltsville tumemzoea kijana mwenye beji shingoni na karatasi mkononi. Hubisha hodi jioni, akaomba kuiona bili ya umeme mara moja tu, akaahidi nafuu. Baadhi yetu tulimwonyesha. Bei ya utangulizi ilipokwisha, tukajikuta tunalipa zaidi ya jirani, kwa umeme ule ule unaopita kwenye waya ule ule.

Jambo hili lina historia. Zamani kampuni moja ilizalisha umeme, ikausambaza na kuuuza, huku Tume ya Huduma za Umma ya jimbo ikisimamia bei. Mfumo huo hautushangazi: kwetu Tanzania, Tanesco huuza na EWURA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, hupitisha bei. Mwaka 1999 bunge la Maryland liliamua kutenganisha mambo. Waya zilibaki kwa kampuni kama Pepco na BGE, ambazo zote zina wateja katika kaunti yetu ya Prince George's, lakini umeme wenyewe ukaruhusiwa kuuzwa na yeyote mwenye leseni. Tuliambiwa ushindani utashusha bei. Kwa miaka ya mwanzo bei ziliwekewa kikomo, na watu wakatulia.

Kikomo kilipokwisha, mwaka 2006 BGE ikatangaza nyongeza ya asilimia 72 kwa wateja wa majumbani. Wananchi walikuja juu. Mwezi Juni bunge lilikutana kwa dharura, likapitisha sheria licha ya kura ya turufu ya Gavana Robert Ehrlich, na nyongeza ya mwanzo ikashushwa hadi asilimia 15. Hata hivyo deni halikufutwa. Liliahirishwa, na wateja wakalilipa kidogo kidogo kwa miaka mingi.

Wauzaji wa mlangoni nao wakaongezeka. Januari 2014 baridi kali ilipopandisha bei ya jumla, wenye mikataba ya bei inayobadilika waliletewa bili za kutisha. Mwaka 2018 ripoti ya Abell Foundation ya Baltimore ilionyesha kuwa kaya za Maryland zilizohamia kwa wauzaji hao zililipa takriban dola milioni 255 za ziada kati ya 2014 na 2017.

Hatimaye mwaka 2024 ikapitishwa sheria mpya, iliyoanza kuwabana wauzaji Januari 2025. Bei yao isizidi wastani wa bei ya kampuni ya kawaida kwa miezi 12 iliyopita, isipokuwa umeme wa kijani wenye masharti yake. Na wanaopita milangoni wawe na leseni.

Haki ya kuchagua tulipewa mwaka 1999. Kinga ilichukua miaka 25. Katikati hapo, miongoni mwa walioumia ni wazee na wageni wasioielewa lugha ya mikataba.

Kwa hiyo, ndugu zetu, toeni bili leo mtazame jina la anayewauzia umeme. Namba iliyoandikwa humo ndiyo ufunguo wa kukuhamisha. Usimpe mpita njia. Na mgeni akifika kutoka nyumbani, mwambieni mapema, asije akauziwa mbuzi kwenye gunia.