Gari la Sinema Kutoka Vugiri

Korogwe ni mji wa joto na mkonge. Ukiiacha barabara kuu ukapanda milima ya Usambara kuelekea Vugiri, mkonge unabaki bondeni, baridi inaanza kuuma, na mashamba ya chai yanajitokeza. Huko juu, mwaka 1935, palifungwa mitambo ya kutengenezea sinema za kumfundisha Mwafrika namna ya kuishi.

Mradi wenyewe ulijulikana kwa kifupi kama BEKE, yaani Bantu Educational Kinema Experiment. Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha zikatoka Shirika la Carnegie la New York, na Wizara ya Makoloni ya Uingereza ikatoa baraka zake. Upande wa elimu alipewa G. C. Latham, aliyewahi kuongoza elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Kamera alikabidhiwa Meja L. A. Notcutt. Huyu alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na tangu miaka ya 1920 aliamini kwamba sinema shambani ingewafanya vibarua watulie. Tusilisahau hilo tunaposoma kwamba nia ilikuwa elimu tupu.

Hadi kufikia 1937 walikuwa wametengeneza filamu 35. Wachezaji walikuwa wenyeji, na mada zilikuwa zile zile ambazo bwana shamba na bwana afya walizihubiri kila siku: safura, mmomonyoko wa udongo, kodi, kahawa. Moja ilihusu Benki ya Akiba ya Posta. Mtu anafukia fedha zake ardhini, mwizi anazifukua. Mwenzake aliyezipeleka Posta analala usingizi. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Iliwekwa kwenye santuri iliyopigwa sambamba na picha, hivyo filamu moja iliweza kusema Kiswahili hapa na Kinyanja kule, mradi santuri ibadilishwe. Lori likabeba mitambo na jenereta likazunguka Tanganyika, Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini, Kenya na Uganda. Watu walijaa. Serikali za makoloni, zilipoombwa zichangie ili kazi iendelee, zilifunga mifuko, na mradi ukafa.

Vita vilipoanza mwaka 1939, London iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kikiongozwa na William Sellers, aliyetokea idara ya afya ya Nigeria. Sellers alikuwa na nadharia yake: Mwafrika hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka haraka. Kwa hiyo filamu ziende taratibu, kamera isichezecheze, kila tendo lionyeshwe mwanzo hadi mwisho. Ushahidi uliorudiwa sana ulikuwa kisa cha mbu. Wanakijiji, inasemekana, walimwona mbu amejaa kwenye kitambaa cheupe wakasema kwao hakuna hatari, maana mbu wao ni wadogo. Kisa hiki kilisimuliwa nchi hii na nchi ile, karibu kwa maneno yale yale, na hapo ndipo ninapokitilia shaka. Hata kama kilitokea, anayeujua utani wetu atajiuliza nani hasa alikuwa akimcheka nani.

Nadharia hiyo ilimsahau mtu mmoja, yule aliyesimama kando ya gari la sinema na kipaza sauti. Filamu nyingi hazikuwa na maneno, na ni yeye aliyezieleza kwa lugha ya wenyeji. Afisa wa Kizungu aliyekaa pembeni, kama lugha haimo kichwani, angejuaje kilichosemwa? Wasikilizaji nao walikuwa na vipaumbele vyao: somo la choo walilivumilia, Charlie Chaplin ndiye waliyemngojea.

Mmoja wa vijana waliofanya kazi katika magari hayo ya sinema, chini ya ustawi wa jamii Tanganyika, aliitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ilishirikiana na kampuni ya Afrika Kusini, African Film Productions, kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili, na Kawawa akawa nyota wake. Alicheza katika Muhogo Mchungu, kisha Chalo Amerudi. Sura yake ilijulikana vijijini kabla jina lake halijaingia kwenye siasa. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Kwa maoni yangu, hayo ndiyo matunda makubwa kuliko yote ya sinema za mkoloni, na hakuna aliyeyapanga.

Serikali huru haikulitupa gari la sinema. Ililiendesha yenyewe, ikaanzisha Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na Ujamaa ukachukua nafasi ya Posta. Televisheni ilikuwa habari nyingine. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Bara serikali iliikataa kwa kuiona anasa ya wachache. Wenye uwezo Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu kuinasa ya Visiwani. Televisheni ilipofika Bara mwaka 1994 ililetwa na watu binafsi. Ya serikali ilikuja baadaye.

Na zile filamu 35 za Vugiri? Zinazojulikana kusalia ni tatu, zote za 1936, katika hazina ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza: moja ya safura, moja ya mafunzo ya utabibu wa mifugo, na moja ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro. Nyaraka za Taifa na TBC, shirika la utangazaji la taifa, waombe nakala. Wajukuu wa wakulima wale wana haki ya kuziona, na safari hii maelezo wayatoe wao.