Usaili wa Mtendaji wa Kijiji: Namna ya Kuonesha Ushirikiano Kazini

Mtendaji wa Kijiji ni Katibu wa mikutano na kamati zote za Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe 15 hadi 25. Aidha, ni Mwenyekiti wa kikao cha wataalamu waliopo kijijini. Kwa msingi huo, msailiwa anayesema tu kwamba anapenda kushirikiana na wenzake huwa hajajibu swali.

Jibu lenye uzito hutaja mambo manne: kazi iliyokuwepo, wahusika wake, sehemu aliyoifanya msailiwa mwenyewe na matokeo. Kwa mfano, mkulima wa mpunga katika Kata ya Mofu, Bonde la Kilombero, ambaye kikundi chake kiliwahi kukaa na wafugaji na kukubaliana njia ya mifugo kabla ya mavuno, anaweza kueleza nani aliongoza mazungumzo na kwamba yeye aliandika muhtasari. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini ndiyo kazi ya Katibu.

Msailiwa asijitwalie kazi ya wote, wala asifiche mchango wake nyuma ya neno “tulifanya”. Iwapo palitokea kutoelewana, aeleze namna kulivyomalizwa bila kumlaumu mwenzake. Asitunge tukio, kwa kuwa swali moja la nyongeza hutosha kumfichua.

Kabla ya usaili, mwombaji anashauriwa kusoma upya majukumu yaliyoorodheshwa katika tangazo la kazi na kukumbuka, kwa kila jukumu, tukio moja la kweli.