Harufu imekatika, virusi je?

Wapo dada zetu walioolewa bara, Kitale na Bungoma, na tabia huko ni ile ile ya Mombasa: ukitokwa na majimaji yenye harufu ukeni, unakimbilia duka la dawa. Ukimeza vidonge na harufu ikakatika, unajihesabu umepona. Umepona harufu tu. Mlango wa kizazi haujaangaliwa na mtu.

Uke wenye afya una walinzi wake, bakteria waitwao laktobasila. Hao hutengeneza asidi ya laktiki, na uchachu wake huzuia vijidudu vingine kuzaana. Walinzi wakipungua, vijidudu hivyo hushika nafasi, na ndipo huja ile harufu kama ya samaki. Wanawake wengi hawaoni dalili yoyote.

Tafiti zimeonyesha kwamba kwa mwanamke aliyepungukiwa na laktobasila, virusi vya HPV hupatikana zaidi na hukawia kuondoka. Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, na mara nyingi mwili huvishinda wenyewe ndani ya miaka 2. Vinavyong'ang'ania ndivyo vya kuogopwa: aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Kati ya bakteria na virusi nani humfungulia mwenzake njia, wataalamu bado wanabishana. Lakini saratani huletwa na virusi, na vidonge vya majimaji haviviui.

Kuna madhara tunayojitia wenyewe. Utafiti wa Mombasa uliochapishwa 2006, uliofuatilia wanawake wa biashara ya ngono kwa miaka 10, ulikuta wanaojiosha ndani ya uke, hasa kwa sabuni, waliambukizwa HIV zaidi. Istinjaa ni ya nje, kwa maji. Shabu na ndimu za kubana zimeletwa na watu, si na dini.

Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ilizinduliwa hapa Mombasa Oktoba 2019. Kwa mama aliyetimiza miaka 30, au 25 kama anaishi na HIV, ni kipimo. Hospitalini muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Akikuta uambukizo huenda akautibu kwanza, kisha akakupa tarehe ya kurudi. Rudi, hata kama harufu imeshakatika.