Uhai wa mtu huanza lini? Biblia, sheria ya Kongo na swali la kutoa mimba

Katika makanisa yetu swali hili linakuja kwa njia mbili. Vijana wanauliza katika mafundisho: uhai wa mtu huanza lini? Na wazazi wanakuja usiku kwa mchungaji: binti yetu ana mimba, tufanye nini? Anayejibu swali la kwanza anapaswa kuwa tayari kwa la pili.

Biblia

Zaburi 139:13-16 inamwonyesha Mungu akimuumba mtu tumboni. Yeremia 1:5 inasema juu ya wito uliotangulia kuzaliwa. Katika Luka 1:41-44, Yohana anashangilia akiwa bado tumboni mwa Elisabeti. Mistari hii haitaji siku wala saa ya kuanza kwa uhai. Inafundisha kwamba Mungu anamjua na kumpenda yule tusiyemwona bado.

Historia ya Kanisa

Didache, moja ya maandiko ya kwanza ya Wakristo baada ya Mitume, inakataza kutoa mimba. Agustino alikataza pia, ingawa alitofautisha mimba iliyokwisha kupata umbo na ile ambayo bado. Calvin, akifafanua Kutoka 21:22, alifundisha kwamba aliye tumboni ni mtu tayari.

Elimu ya mwili

Mbegu ya baba na yai la mama vikiungana, kinaanza kiumbe chenye urithi wake mwenyewe. Karibu wiki moja baadaye kinajishika katika tumbo la uzazi. Karibu na wiki ya 6 ya mimba, mapigo ya moyo yanaweza kuonekana kwa mashine. Sayansi inaeleza hatua hizi, lakini haina kipimo cha thamani ya mtu.

Sheria ya nchi

Vifungu vya 165 na 166 vya Sheria ya Adhabu vinamwadhibu anayemtoa mwanamke mimba, na mwanamke mwenyewe. Lakini Protokali ya Maputo ya 2003, iliyotangazwa katika Gazeti Rasmi la Kongo mwaka 2018, inaruhusu kutoa mimba kwa njia ya kiganga katika hali za ubakaji, mimba ya ndugu wa damu, na hatari kwa afya au uhai wa mama, au kwa uhai wa mtoto. Kwa kifungu cha 215 cha Katiba, mkataba wa namna hiyo una nguvu kuliko sheria za kawaida.

Msimamo wetu

Tunafundisha kwamba uhai ulindwe tangu mimba inapotungwa. Daktari anayemwokoa mama anayekufa hatumwiti muuaji. Na dada aliyebakwa vitani hatumhukumu. Tunakaa naye, tunalia naye.

Dietrich Bonhoeffer, aliyeita kutoa mimba mauaji, alionya pia kwamba mwanamke akitenda hivyo kwa kukata tamaa, mara nyingi hatia ni ya jamii kuliko yake. Onyo hilo linatuhusu. Msichana mwenye mimba anafukuzwa kwaya, naye kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga gitaa Jumapili. Msichana mwingine akiona hayo, ataficha mimba yake na kutafuta dawa gizani, na wengine wanakufa hivyo.

Basi kila parokia ichague akina mama wawili au watatu wa kumpokea msichana kama huyo, kumpeleka kliniki na kusema na wazazi wake. Tukisema mtoto wa tumboni ni wa Mungu, tumbebe pamoja na mama yake.